Nyumba za Wavikingi huko Haithabu: mwongozo kamili wa kuzitembelea na kuzielewa

Mama yangu mdogo alipokuja Hamburg kunitembelea, nilimpeleka kaskazini akaone nyumba zilizojengwa upya za Wavikingi, watu wa kale wa Skandinavia. Mlangoni mwa nyumba ya kwanza hakushughulika na paa wala vyombo. Aliweka kiganja ukutani, akakipitisha polepole, akasema: "Mwanangu, huu ukuta mbona kama nimeukandika mimi?" Fito zilizosukwa, udongo uliochanganywa na nyasi kavu, nyufa nyembamba pale udongo ulipowahi kukauka. Mwanamke aliyekuwa akisokota sufu karibu na mlango aliniomba nimtafsirie. Nilipomweleza kwamba mgeni wangu amekandika nyumba za namna hii tangu usichana wake huko Korogwe, aliacha kusokota na maswali yakaanza. Mvua ya upepo mnaizuiaje? Mnakandika upya baada ya muda gani? Udongo wa kichuguu mnautumia? Nusu saa nzima nilikuwa mkalimani.

Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha namna ya kutembelea mahali kama hapa. Safari yangu ya kwanza nilikuwa nimezunguka nyumba zote kwa dakika arobaini, nikapiga picha, nikaondoka sijaelewa kitu. Tangu hapo nimerudi mara nyingi, nimepeleka wageni na watoto, na naandika haya kwa ajili ya Waswahili wanaoishi Ujerumani, Denmark na Uholanzi, au wanaopita huku kwa masomo na kuona ndugu.

Ujue kwanza unakwenda wapi

Watu husema "kijiji cha Wavikingi", ila Haithabu, ambayo Wadenmark huiita Hedeby, ilikuwa mji, na kwa Ulaya ya kaskazini ya zama zile ulikuwa mji mkubwa. Upo karibu na Schleswig, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, mwisho wa hori refu liitwalo Schlei linaloingia nchi kavu kutoka Bahari ya Baltiki. Hapo ardhi inabana kama shingo ya kibuyu. Mzigo ukishushwa kwenye hori, unabebwa nchi kavu kwa kilomita kumi na kadhaa tu hadi mto unaoelekea Bahari ya Kaskazini, na mfanyabiashara anaepuka kuizunguka rasi nzima ya Denmark kwenye maji mabaya. Mwaka 808 mfalme Godfred wa Wadenmark aliwachukua wafanyabiashara wa mji mwingine ulioitwa Reric akawahamishia hapa. Karne mbili na nusu zilizofuata mji ulijaa mafundi, mabaharia na wachuuzi, ukazungukwa na tuta la udongo lenye umbo la nusu duara.

Karibu mwaka 1050 mfalme Harald Hardrada wa Norway aliuchoma moto. Mwaka 1066 ukavamiwa tena na Waslavi, na watu wakahamia ng'ambo ya hori, Schleswig. Hakuna aliyejenga tena juu ya magofu, ndiyo maana udongo ule wenye unyevu ulitunza mbao, ngozi na vitambaa ambavyo penginepo vingekwisha kuoza. Uchimbaji wa akiolojia ulianza mwaka 1900, na mpaka leo ni takriban asilimia 5 tu ya eneo la mji iliyochimbwa. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza eneo hili, pamoja na tuta refu la ulinzi liitwalo Danevirke, katika Urithi wa Dunia.

Nyumba saba unazoziona zilijengwa kati ya 2005 na 2008, ndani ya tuta la kale, palepale ambapo alama za nyumba zilichimbuliwa. Vijiji vingi vya Wavikingi vilivyojengwa upya vimewekwa popote penye nafasi na maegesho. Hapa unakanyaga kiwanja chenyewe, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kupachagua badala ya kwingine.

Hatua ya 1: Chagua siku

Kuanzia Novemba hadi sehemu kubwa ya Machi pamefungwa, kwa hiyo usipange safari ya Krismasi. Angalia saa za kufungua na bei kwenye tovuti ya makumbusho wiki unayokwenda, kwa sababu hubadilika kila msimu.

Uamuzi mkubwa ni huu: siku ya soko au siku ya kawaida? Mara kadhaa kwa mwaka hufanyika masoko ambapo mafundi wa historia hai, yaani wanaovaa na kufanya kazi kama watu wa kale, kutoka nchi mbalimbali hupiga mahema kati ya nyumba, huuza vitu vya chuma, ngozi na kaharabu, na hupika hadharani. Watoto hufurahi mno. Lakini kuna msongamano, na fundi mwenye foleni ya wateja hana muda wa kukueleza. Kama unakwenda mara moja tu katika maisha yako na una watoto, nenda siku ya soko. Kama unataka kuelewa, nenda siku ya kazi asubuhi, Mei, Juni au Septemba, ila ulizia mapema ni siku zipi mafundi wapo, maana si kila siku kila nyumba ina mtu.

Hatua ya 2: Usafiri

Kutoka Hamburg panda treni ya mkoa inayokwenda Flensburg, ushuke Schleswig. Kutoka Kiel, panda inayokwenda Husum, nayo husimama Schleswig. Tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, Deutschlandticket, inatosha. Mkiwa kundi, nunueni Schleswig-Holstein-Ticket: inabeba hadi watu watano kwa siku moja na inafanya kazi mpaka Hamburg, lakini siku za kazi huanza saa tatu asubuhi. Mkiwa familia ya watu wanne gharama inashuka sana.

Kutoka stesheni kuna basi, na ukimwambia dereva "Haithabu" atakuelewa. Kabla hujashuka, piga picha ratiba ya kurudi. Jumapili mabasi ni machache, na kusubiri kituoni na watoto waliochoka katika upepo wa Schlei ni adhabu.

Hatua ya 3: Mavazi na chakula

Hata Juni, beba koti la kuzuia mvua na upepo. Viatu viwe vya kukanyaga matope na changarawe. Kati ya makumbusho na nyumba kuna mwendo wa miguu kandoni mwa maji, kwa hiyo mzee anayechoka haraka apewe muda wa kupumzika njiani.

Chakula kipo, lakini nakushauri ubebe chako. Siku za soko utakuta mikate midogo iliyookwa juu ya moto, samaki, nyama za kuchoma, na pombe ya asali. Kama unakula halali, nyama nyingi zitakuwa za nguruwe au hazikuchinjwa unavyotaka, na mkate nao uulize umepakwa mafuta gani. Huwa nabeba chapati na maharage kwenye chupa ya moto, tunakula tumekaa kwenye nyasi tukitazama maji.

Hatua ya 4: Makumbusho, vitu vitatu tu

Tiketi moja hukuingiza makumbusho na kwenye nyumba. Makumbusho, yaliyofunguliwa 1985, yapo nje ya tuta, na utashawishika kuyapita haraka uwahi nyumba. Usifanye hivyo. Usijaribu pia kusoma kila kibao, kwa sababu utafika kwenye nyumba kichwa kimejaa. Tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni machanuo ya pembe za kulungu wa Ulaya. Simama karibu na kioo uangalie vizuri. Chanuo si kipande kimoja. Vibao viwili virefu vinashika katikati vipande vidogo vya meno, na vyote vimepigwa ribiti, yaani misumari ya kubana pande zote mbili. Sasa tazama ukingo wa vile vibao virefu, pale meno yanapoanzia. Utaona mikwaruzo midogo ya msumeno, mfululizo, mmoja kwa kila pengo. Ikumbuke mikwaruzo hiyo, tutairudia.

Cha pili ni jahazi la vita. Lilipatikana bandarini, likaopolewa mwaka 1979, na mabaki yake yameunganishwa ndani ya ukumbi. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 30, lakini upana wake haukufika hata mita tatu. Mbao zake zimepandana kama magamba ya samaki, zimekazwa kwa ribiti za chuma. Mtu wa pwani atafikiria mara moja mtepe wetu, ulioshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Ni majibu mawili tofauti kwa swali lilelile: ubao uukaze vipi na ubao ili chombo kipinde kidogo kwenye wimbi badala ya kupasuka?

Cha tatu ni fedha. Tafuta dirhamu zenye maandishi ya Kiarabu, nzima au vipande. Fedha nyingi sana ya ukhalifa wa Abbasi na ya watawala wa Samani wa Asia ya Kati iliingia Skandinavia kupitia mito ya Urusi, na watu wa huku hawakujali imeandikwa nini. Waliikata vipande, wakaipima kwenye mizani ndogo. Shahada iliyokatwa katikati ili kulipia ngozi au sufu! Karne hizohizo Waislamu wa Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuwa wakitengeneza sarafu zao ndogo za fedha. Bahari mbili zisizokutana, na zote mbili zilifanya biashara na ulimwengu uleule wa Kiislamu.

Biashara hiyo ilikuwa pia ya watu. Mwandishi wa maisha ya Rimbert, askofu wa karne ya 9, anasimulia kwamba Rimbert alifika hapa akaona Wakristo mateka wamefungwa minyororo, na akamtoa farasi wake pamoja na tandiko kumkomboa mtawa mmoja wa kike aliyekuwa akiimba zaburi. Aliyewahi kusimama Bagamoyo hahitaji kuelezwa zaidi.

Na kuna habari nisiyotaka ikukute bila kujua. Miaka ya 1930 uchimbaji hapa uliongozwa na mwanaakiolojia Herbert Jankuhn, na SS, kikosi cha Wanazi kilichoongozwa na Himmler, iliufadhili ili kuwafanya Wavikingi kuwa ushahidi wa ubora wa damu ya Kijerumani. Mpaka leo wapo wanaovaa alama za Wavikingi kwa nia hiyo. Mtu mweusi anayetembelea mahali hapa ana haki ya kuijua historia hii na kuiulizia waziwazi. Mimi nimeuliza, na nimejibiwa kwa heshima. Udongo wenyewe uliwakatalia wale wenye nadharia: kilichofukuliwa ni mji wa mchanganyiko, wenye bidhaa za kutoka Rhine, Norway, nchi za Waslavi hadi Baghdad.

Hatua ya 5: Kaa ndani ya nyumba moja

Sasa fuata njia ya kandoni mwa maji, upite kwenye tuta, uziteremkie nyumba. Watu wengi huingia na kutoka nyumba saba kama wanaokagua vyumba vya kupanga. Wewe chagua moja, yenye moto ukiwaka kama ipo, uingie, ukae kwenye benchi la kando ya ukuta. Kaa dakika kumi bila simu.

Mwanzoni hutaona kitu, kuna giza. Kisha macho yanazoea, na nyumba inaanza kujitokeza. Jiko lipo katikati, halina bomba, na moshi unatafuta njia yake juu kwenye paa la matete. Ukisimama wima macho yanawasha; ukikaa, hewa ni safi. Ndipo utaelewa kwa nini mabenchi ni mafupi na kwa nini kazi zote zinafanyika chini. Bibi zetu jikoni walikaa kwenye vibao vya mbuzi kwa sababu hiyohiyo. Gusa ukuta, wanaruhusu. Sikiliza upepo unavyogonga nje, na jinsi sauti za watalii zinavyofifia.

Halafu jiulize: kimo cha paa hili kimejulikanaje? Nguzo huacha shimo ardhini, kwa hiyo upana na urefu wa nyumba hupimika. Paa haliachi shimo. Lakini hapa Haithabu kuna nyumba ambayo ukuta wake wa mwisho, pamoja na pembetatu ya juu, ulianguka ukazikwa kwenye tope ukiwa mzima. Wataalamu wakapima mteremko wa paa kutoka kwenye mbao zenyewe, na pete za ukuaji ndani ya mbao zikaonyesha kwamba miti ilikatwa mwaka 870. Mambo mengine ndani ya nyumba ni makisio: rangi, nafasi ya rafu, mlango unafungwaje. Kila kitu unachokiona kipo kwenye kundi moja kati ya haya mawili, kilichothibitishwa au kilichokisiwa, na raha yote ya mahali hapa ni kutambua kipi ni kipi.

Hatua ya 6: Uliza "Mmejuaje?"

Hili ndilo swali la pekee ninalowafundisha wote ninaowapeleka. Kwa Kijerumani ni *Woher weiß man das?* Usiulize "Hiki ni nini?", utapewa jina tu. Uliza wamejuaje, na mtu aliyevaa mavazi ya kale atageuka kuwa mwalimu.

Nenda kwa mtengeneza machanuo. Atakuonyesha pembe za kulungu, zinazodondoka zenyewe kila mwaka, kwa hiyo mnyama hauawi. Atakata vipande vya meno kwa kufuata uzi wa pembe, maana jino lililokatwa kinyume na uzi huvunjika siku ya kwanza. Kisha anavibana kati ya vibao viwili, anapiga ribiti, na mwishoni kabisa ndipo anachukua msumeno mwembamba akate meno. Muulize: mmejuaje kwamba meno hukatwa mwisho? Naye atakujibu kwa mikwaruzo ileile uliyoiona kwenye kioo cha makumbusho. Msumeno uliposhuka kukata pengo uligusa kidogo vibao vya pembeni, na ungeweza kuvigusa tu kama vilikuwa vimeshapigwa ribiti. Mwanangu wa miaka tisa alipolielewa hilo alinivuta mkono turudi makumbusho papo hapo akahakikishe. Tulirudi, na mikwaruzo ilikuwepo.

Kwa wafumaji, uliza kuhusu vijiwe vya udongo vinavyoning'inia chini ya nyuzi. Kwenye gati, ulizia nguzo zilizopatikana chini ya maji. Kofia za chuma zenye pembe hazikuwahi kupatikana popote kwa Wavikingi. Zilienea kutokana na mavazi ya jukwaani ya opera za Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, mwaka 1876, kwa hiyo usimnunulie mtoto ukidhani unamfundisha historia.

Adabu ni ileile ya kuingia kwa watu. Bisha hodi kwa salamu, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, usishike chombo mpaka uambiwe. Wengi hujitolea kwa mapenzi na huishi humo siku kadhaa; mtoto unayemkuta analala kwenye ngozi si onyesho.

Hatua ya 7: Soma al-Tartushi kisimani

Haya huwa nayaandika kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Karibu mwaka 965 Ibrahim bin Yaakub al-Tartushi, msafiri kutoka Tortosa huko Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu ya zama zile, alieleza habari za mji huu, na maneno yake yalihifadhiwa na al-Qazwini katika karne ya 13. Anasema ni mji mkubwa mwishoni kabisa mwa bahari ya dunia, una visima vya maji baridi ndani yake, na watu wake wanaabudu nyota ya Shiira, ile inayotajwa katika Sura An-Najm, isipokuwa Wakristo wachache wenye kanisa lao. Anayechinja kwa ajili ya sikukuu hutundika mnyama kwenye nguzo mlangoni ili watu wajue. Chakula chao kikubwa ni samaki. Mwanamke ana haki ya kuachana na mumewe anapotaka. Wanaume na wanawake hupaka wanja, na uzuri wao haupungui. Kuhusu uimbaji wao, hajawahi kusikia wimbo mbaya kuliko ule, ni kama mbwa wanaobweka, ila zaidi.

Soma kwa sauti mkiwa kati ya nyumba, kisha nanyi muulizane: huyu tumwamini kwa lipi? Visima vipo kweli, vimechimbuliwa, na baadhi vilijengewa mapipa makuukuu ya mvinyo. Mifupa ya samaki imejaa ardhini. Mapipa na mifupa hudumu ardhini; talaka na wanja havidumu, hapo tuna neno la msafiri peke yake. Watoto wangu hubishania ule uimbaji mpaka tunafika stesheni.

Hatua ya 8: Tuta, kisha nyumbani

Bakiza saa moja ya mwisho. Tembea juu ya tuta, lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na sehemu nyingine kimo cha nyumba ya ghorofa. Kutoka juu utaziona nyumba saba pembeni ya maji, na kiwanja kikubwa cha majani ambacho hakina kitu. Chini ya majani hayo kuna mji uliobaki, ambao bado haujachimbwa. Waonyeshe watoto kwa kidole barabara ilipita wapi, kijito kilipita wapi, na bandari ilikuwa wapi.

Kwa jumla tenga saa tano. Basi la kurudi stesheni linasimama ng'ambo ya barabara, upande usioshukia. Fikeni dakika kumi kabla, na mkono mmoja ushike mtoto, maana magari hapo yanakwenda kasi.